Kamba mu tumbo ya Salima

Eti ninyi wasichana munaozalisha wamama hapa maternite, nani kati yenu ameisha kupitisha mukono ku tumbo ya mama muzazi akasikia kamba chini ya ngozi? Kamba kweli, siseme mukunjo wa ngozi. Nyembamba, ngumu, ukiigusa mama anaruka anasema ayee! Hakuna? Basi muko na bahati. Vutieni viti, mukae. Mujukuu wangu Vumilia njo anaandika, juu mimi na kalamu hatupatane. Nilijifunza kuandika jina yangu tu, Mwamini, na hata ile, kuna herufi moja inanikimbiaka.

Masera mupya, yule mutawa anayeongoza maternite, ameniambia nipumzike. Mikono yangu imechoka, hata fundo ya kilemba sasa nafungiwa na mujukuu. Lakini mudomo haujachoka, na hakuna mutu ameniambia niupumzishe.

Siku ya kwanza nilifika ku maternite na jembe mukononi. Musicheke. Nilikuwa natoka shamba ya pamba, nikasikia mu njia kwamba ku misioni wanatafuta mwanamuke wa kufua na kuchemusha maji. Nikaona nikirudi kwanza nyumbani kuweka jembe, mwingine atakuta nafasi. Masera wa wakati ule, mama mutawa mweupe, murefu, anatembea kama korongo mu mupunga, alitazama lile jembe, akanitazama mimi, akasema na Kiswahili yake ya kukatakata: «Hapa hatulime watoto.» Kisha akanipa sabuni. Nikanawa mikono. «Tena.» Nikanawa. «Tena.» Mara ya tatu nikafikiri labda huyu muzungu anataka tufike ku mufupa.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache, na nilivijua kama ninavyojua meno yangu. Basani mbili nyeupe zenye mudomo wa buluu, moja imetoboka, tumeiziba. Sufuria kubwa ya kuchemusha. Makasi moja, nilikuwa naivaa mu shingo na kamba, juu ikiwekwa mezani infirmier, muuguzi wetu mwanaume, anakatia nayo kucha. Chupa ya dawa ya rangi ya zambarau, ile ukigusa inakaa ku kidole juma nzima. Na mizani ya watoto, ambayo ilikuwa inapenda watoto wanene kuliko wembamba, kwa sababu mwembamba akitikisika haionyeshe kitu.

Mutu aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Nyota. Yule alikuwa anapokea watoto mu vijiji mbele misioni haijajengwa, na Masera alikuwa na akili, akamuita aje akae naye kuliko washindane. Mama Nyota njo alinionyesha namna ya kufunga tumbo. Munajua kwetu: mwanamuke akizaa, tumbo inafungwa, ili irudi mahali pake na mugongo usimame. Unachukua kikwembe ya zamani, unaipasua upana wa viganja viwili, unazungusha mara tatu. Kisha juu yake unapitisha kamba ya mabondo, ile tunafumia mikeka, unavuta, unapiga fundo pembeni ya mbavu. Masera hakukataa. Alisema tu kikwembe ichemuke, kamba ichemuke. «Na ninyi pia ningewachemusha,» akasema, «kama ningepata sufuria ya kuwatosha.»

Mama Nyota alikuwa na sheria yake. Mbele ya kupiga fundo, anaingiza vidole viwili chini ya mukaba. Vikiingia, anafunga. Visipoingia, analegeza. Na kesho yake asubuhi anapita, anafungua kila mama, ngozi ipumue, kisha anafunga upya.

Mimi sasa, nilikuwa na mikono ya kutwanga mupunga. Nikivuta kamba, hata mugomba ungesema basi. Wamama wakaanza kuona: mutu akifungwa na Mwamini, siku kumi akitoka amesimama kama musichana wa komunyo. Jina ikatembea. «Mikono ya Mwamini!» Wakawa wananiita mimi, hapana Mama Nyota. Siku moja alinitazama nimeweka goti ku kitanda nikivuta, akasema: «Mwamini, ile ni tumbo, haiko muzigo wa kuni.» Nilicheka. Vile vidole viwili nikaviacha, juu vilikuwa vinaharibu kazi yangu nzuri. Na kufungua kila asubuhi, nikaona ni kupoteza wakati. Kisha Mama Nyota akarudi kwao, miguu ilikuwa inamuvimba, na mu chumba hakukubakia mutu wa kuniambia neno.

Njo hapo Salima alifika.

Salima alikuwa mutu wa upande wa Wamaza, mwembamba, mukimya, mimba ya kwanza. Alikuja na miguu pamoja na mama wa bwana yake, tulimuita Mama Kashindi. Yule mama alikuwa anasema sana kiasi kwamba akinyamaza unatazama kama hajaanguka. Walikaa mu nyumba ya kungojea, pale nyuma ya maternite. Salima alizaa vizuri, mutoto mwanaume, mizani ilifurahi. Nilipoleta kikwembe, Mama Kashindi akasimama karibu yangu.

«Funga kabisa, Ma Mwamini. Mutoto wangu alioa musichana, hakuoa kitunga ya kubebea mihogo.»

«Nitafunga, mama.»

«Nimesikia mikono yako. Nionyeshe.»

Mutu akikuambia hivyo, wewe utafanya nini? Nikaweka goti, nikavuta. Salima akasema polepole, «Mama, inaniuma hapa,» akaonyesha chini ya ziwa ya kushoto, pale fundo iliingia. Nikamujibu, «Itazoea.» Ile neno, wanangu, «itazoea», nimeibeba miaka mingi, na ni nzito kuliko mizigo yote ya pamba niliyobeba.

Wakabaki mu nyumba ya kungojea, juu mvua ilikuwa imekata njia ya Wamaza. Kila asubuhi Mama Kashindi alikuwa anakaza ile kamba yeye mwenyewe, bila kufungua kikwembe. Sikujua. Na sikuuliza, ile njo kosa yangu ingine.

Siku ya kumi Salima alileta mutoto ku mizani. Nikamuambia amutundike mu kile kitambaa cha mizani, juu kidogo. Akainua mukono wa kushoto, akafika nusu, akapiga kelele. Karibu aangushe mutoto. Nikamushika, nikamupeleka nyuma ya pazia, nikafungua kikwembe.

Wanangu! Toka chini ya ziwa mupaka karibu na kitovu, upande wa kushoto, kulikuwa kamba chini ya ngozi. Unene wake sawa ujiti wa kiberiti, urefu kama kiganja na nusu. Akilala na mukono chini, ilionekana kidogo tu. Akiinua mukono, inavutika, inasimama, na ngozi inaingia ndani pembeni yake kama mufereji. Nilipitisha kidole: ngumu, na inauma. Homa, hapana. Usaha, hapana. Maziwa yalikuwa yanatoka vizuri. Nilikuwa nimeona majipu, nimeona vidonda, nimeona maziwa ya kuziba. Ile, sikuwa nimeona.

Mama Kashindi aliingia bila kuitwa. Akaona. Akapiga mikono ku kichwa.

«Amefungwa! Nilijua! Kwao walimufunga mu tumbo mbele ya kumutoa aolewe! Angalia kamba yenyewe!»

«Mama, ngoja kwanza...»

«Ningoje nini? Ku Lusangi kuna muzee anajua kazi hii. Anakata chale na wembe, anaivuta ile kamba, inatoka. Isipotoka, huyu musichana arudi kwao na uchawi wao. Mutoto ni wetu, anabaki.»

Salima alikuwa amemukumbata mutoto. Machozi tu.

Makelele ikamuita infirmier wetu, Ramazani. Alikuwa kijana mwenye koti nyeupe na kalamu mbili mu mufuko, moja haiandike. Masera alikuwa amekwenda Kasongo kuleta dawa, kwa hiyo siku zile Ramazani alikuwa mukubwa wetu, na alikuwa anapenda tujue. Akagusa ile kamba, akatingisha kichwa.

«Uchawi ni maneno ya kijiji, mama. Huyu ni mududu.»

«Mududu?» mimi nikauliza.

«Ndiyo. Kuna wadudu wanatembea chini ya ngozi, tulisoma. Kesho kisha sala nitapasua kidogo, nishike kichwa yake, nimuzungushe ku kijiti polepole mupaka atoke wote.»

Basi, mumeona? Mumoja na wembe, mumoja na kisu, na wote wawili wanajua. Na kati yao musichana amezaa juzi tu. Salima akanishika mukono, vidole vyake vya baridi, akaniambia kwa sikio: «Ma Mwamini, usiwaache wanipasue. Na usiwaache wachukue mutoto.»

Mimi nilikuwa nani? Mwanamuke wa kufua. Nikasema tu nitamuosha kwanza, juu hata kama ni kupasua, mutu anaoshwa. Ile hawakuweza kukataa, Masera alikuwa amewafundisha vizuri. Nikaleta basani ile haijatoboka, maji ya moto, nikawatoa wote inje.

Nikawa naosha polepole. Na maji ikaonyesha kitu. Ku ngozi ya Salima kulikuwa alama nyeusi imezunguka tumbo, upana wa kamba ya mabondo, na pembeni ya mbavu, alama ya duara, pale fundo ilikaa. Ile kamba ya ndani ilikuwa inapita chini ya fundo. Hapana karibu na fundo: chini yake kabisa. Na mahali pale njo palikuwa pagumu kushinda, njo palikuwa panauma kushinda. Nikatia kidole changu mu ile alama ya duara. Kiliingia sawasawa. Ilikuwa fundo yangu.

Mukono wangu ukasimama mu maji. Nilijua. Na nilijua vilevile kwamba hakuna mutu mwingine anajua. Ningeweza kutupa ile maji na kunyamaza. Mama Kashindi angesema uchawi, Ramazani angesema mududu, na mikono ya Mwamini ingebaki mikono ya Mwamini. Nilifikiri hivyo, siwafiche. Nilifikiri hivyo kwa urefu wa kukamua kitambaa kimoja. Kisha mutoto akakohoa pale ku mukeka, Salima akageuza kichwa kumutazama, na mimi nikainuka nikatoka inje na mikono inatona maji.

«Ni mimi,» nikasema.

Mama Kashindi akauliza, «Ni wewe nini?»

«Nilimufunga kwa nguvu. Mama Nyota alinifundisha vidole viwili, nikaacha. Salima aliniambia inauma, nikamuambia itazoea. Ile kamba inapita pale fundo yangu ilikaa. Haiko uchawi ya kwao. Kama kuna mutu alimufunga, ni mimi, na wewe ulikuwa unasimama hapo unaniambia nikaze.»

Watu wote mu nyumba ya kungojea walikuwa wamesimama ku mulango. Mama Kashindi alirudi nyuma hatua moja. Ilikuwa mara ya kwanza.

Ramazani akacheka. «Ma Mwamini! Kamba ya inje inaingiaje ndani? Umefua sana leo. Mududu ni mududu.»

Pale njo Mungu alinipa akili, juu shule sikuwa nayo. Nikamuuliza: «Infirmier, mududu anatembea?»

«Anatembea.»

«Basi tumutegee. Nipe ile dawa ya zambarau. Nitatia nukta pale kamba inaanza, na nukta pale inaishia. Dokta, yule anayetembelea misioni na gari, anapita juma hii. Kama ni mududu, atahama, ataacha nukta zetu, na wewe utapasua, dokta mwenyewe akikutazama. Itakuwa heshima kwako.»

Ile neno ya heshima njo ilimushinda. Akaleta chupa yeye mwenyewe.

Tukatia nukta mbili. Nikatupa ile kamba ya mabondo mu moto, mbele ya Mama Kashindi, ili asiitafute. Salima akakaa bila kufungwa. Asubuhi na magaribi nikawa namuwekea kitambaa ya maji ya vuguvugu, hapana ya kuunguza. Kutwanga, hapana. Kubeba, hapana. Mama Kashindi akauliza, «Sasa nani atatwanga?» Nikamuonyesha muchi. Alitwanga, wanangu, alitwanga anasema, lakini alitwanga.

Siku ya kwanza, kamba iko kati ya nukta. Siku ya pili, iko. Ramazani alikuwa anapita mara nyingi, anainama, anatazama zile nukta kama mutu anangojea panya ku tundu. Siku ya tatu akasema labda mududu amelala. Na mimi nilikuwa nasema naye kwa kiburi muchana, lakini usiku nilikuwa najiuliza. Je kama nimekosea? Je kama ni kitu kibaya kinamula, na mimi nimewazuia?

Siku ya ine tukasikia gari ya dokta. Ile gari ilikuwa inasikika toka mbali, juu matope ya njia ya Kabambare ilikuwa inaifanya ilie. Dokta alikuwa muzungu munene, mutu wa maneno machache, viatu vyote matope. Alimulaza Salima, akagusa kamba, akamuambia ainue mukono, ashushe, ainue. Akatazama maziwa yote mawili, akatafuta mavimbe mu kwapa, akashika miguu. Akauliza homa. Kisha akauliza: «Hizi nukta ni za nani?»

Ramazani akatazama mimi. Mimi nikatazama basani.

«Zangu, dokta,» nikasema. Nikamuambia yote, fundo, vidole, itazoea. Sikuacha kitu.

Akasema: «Haiko mududu. Ni mushipa mudogo wa damu, uko karibu na ngozi, umeziba na umekuwa mugumu. Hakuna kupasua. Itaisha yenyewe, labda mwezi, labda mbili. Akipata homa, ao ikiwa nyekundu, ao mavimbe ingine, muniitie.»

«Ni fundo yangu njo ilifanya?»

«Inawezekana. Nimeona watu wawili watatu na kitu hiki, wengine hawakufungwa na mutu, na sikujua sababu. Siwezi kuapa.» Akavaa kofia. «Lakini usifunge tena hivyo.»

Yeye hakuweza kuapa. Mimi niliweza, kidole changu kilikuwa kimeingia mu ile alama.

Wakati mupunga ulianza kukomaa, Salima alirudi toka Wamaza kunionyesha. Aliinua mikono yote miwili mupaka juu, kama anayeshika matunda. Kamba hakuna, hata mufereji hakuna. Mutoto alikuwa ku mugongo, ananivuta kilemba. Mama Kashindi alikuwa naye, na anaelezea wamama wote mu njia namna yeye ndiye alijua toka mwanzo kwamba ni kamba ya mabondo njo ilifanya ile. Nilimuacha. Mutu akiacha uchawi kwa ajili ya uongo mudogo, mimi nakubali. Na Ramazani? Toka ile siku, kila kitu alikuwa anatilia nukta. Jipu, nukta. Upele, nukta. Mutu alikuja na jino ya kuuma, karibu amutie nukta ku shavu. Lakini hakupasua tena mbele ya kungoja, na alikuwa infirmier muzuri mupaka alipohamishwa.

Salima alizaa mara tatu tena, zote kwetu. Kila mara alikuwa ananiita mimi. Analala, ananipa tumbo, anacheka: «Mikono ya Mwamini, lakini na vidole viwili.»

Sasa ninyi. Juzi Vumilia alikuja kunionyesha kwamba anajua kufunga, juu Masera mupya amemuweka ku chumba ya wazazi, ile chumba yangu. Nikalala ku mukeka, nikamuambia anifunge mimi, hii tumbo yangu ya uzee. Akavuta! Ni mikono ya kwetu kabisa, ya kutwanga. Nikamuambia, «Vumilia, inaniuma hapa.» Nilikuwa namujaribu. Akaacha kuvuta. Hakusema itazoea. Akafungua yote, akaanza upya, akaingiza vidole viwili.

Kisha nikamuambia vidole ni kazi rahisi, hata mutu asiye na akili iko navyo. Nikamuuliza: siku moja utakosea, na hakuna atakayejua isipokuwa wewe na maji ya basani. Siku ile utafanya nini?

Alikuwa bado ananishika tumbo. Kisha akasema, na leo nimemuambia aandike mwenyewe, na mukono yake, hapa mwisho:

«Bibi, nitatoka inje na mikono yenye maji, nitasema ni mimi.»